Gari Lina Fowili, Mbona Limeteleza Kwenye Kona?

Kila msimu wa mvua unapofika, mazungumzo yaleyale hurudi katika gereji, katika vituo vya mafuta na katika makundi ya WhatsApp ya wapenzi wa magari. Subaru la fulani, lililofanyiwa modifikesheni kwa fedha nyingi, limeacha barabara kwenye kona, na wanaotazama picha wanauliza kwa mshangao inakuwaje gari la fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne, liteleze kama pikipiki kwenye matope. Majibu huja haraka: difu ya kati (mtambo unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) imekufa, matairi ni membamba, springi ni laini. Mwenye gari hununua kimojawapo, kisha kingine, na mara nyingi gari hubaki na ugonjwa wake, kwa sababu aliyeshauri hakuuliza kwanza gari liliteleza vipi.

Makala haya yanajaribu kulifungua fundo hilo. Fowili huongeza uwezo wa gari wa kusukuma, lakini haiongezi hata kidogo uwezo wake wa kushika njia ya kona, na kwa sababu hiyo anayetafuta kosa hana budi kujua mambo matatu kabla hajagusa spana: ni upande gani wa gari ulioteleza, mbele au nyuma, uliteleza wakati wa kuingia kona, katikati au wakati wa kutoka, na mguu wa dereva ulikuwa unafanya nini wakati huo. Ukiyajua hayo, sehemu kubwa ya uchunguzi imekwisha.

Maneno tunayoyatumia

Neno fowili hubeba vitu viwili tofauti. Kuna fowili ya kuingizwa kwa mkono, kama ile ya pikapu nyingi za kazi, ambapo dereva huvuta gia ndogo na ekseli ya mbele hufungwa pamoja na ya nyuma zizunguke kwa kasi moja. Hiyo ni ya matope na mchanga, na haifai kwenye lami kavu. Halafu kuna fowili ya kudumu, ambayo ndiyo ya Subaru Impreza na Forester, Mitsubishi Lancer Evolution na nyinginezo za jamii hiyo, ambapo magurudumu yote manne husukumwa wakati wote, au hugawiwa nguvu na kompyuta bila dereva kufanya lolote. Tunazungumzia hii ya pili.

Mshiko ni uwezo wa tairi kuung'ang'ania uso wa barabara bila kuteleza. Tunaposema pua imekwenda nje, tunamaanisha dereva amekata usukani lakini magurudumu ya mbele yameteleza, na gari likaendelea kunyooka kuelekea ukingo wa nje wa kona. Tunaposema mkia umetoka, tunamaanisha magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyoteleza, na gari likataka kujizungusha. Ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti, na dawa ya mmoja mara nyingi huuzidisha mwingine.

Ndoo moja ya maji

Kila tairi hugusa barabara kwa eneo lisilozidi sana ukubwa wa kiganja cha mkono. Mshiko wote wa gari, wa kwenda, wa kusimama na wa kukata kona, hupita katika viganja hivyo vinne. Chukulia kwamba kila kiganja kina ndoo moja ya maji kwa siku: maji ya kuogea na ya kupikia yanatoka humohumo, na ukioga sana, yatakayobaki ya kupikia ni machache. Tairi linalotumia mshiko wake wote kukata kona halina akiba ya kukanyagiwa mafuta wala breki, na ukikanyaga, litateleza.

Fowili hugawa kazi ya kusukuma katika ndoo nne badala ya mbili, na ndiyo maana gari hilo hutoka vizuri kwenye kona ya changarawe na hupanda mlima wenye utelezi bila kuhangaika. Haiongezi maji katika ndoo yoyote. Mahitaji ya kona yanategemea kasi na ukali wa kona tu. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linahitaji nguvu ya kulivuta kuelekea ndani inayokaribia asilimia 57 ya uzito wake. Ongeza kasi hadi kilomita 80, na mahitaji hayo yanafikia takriban asilimia 100 ya uzito wote wa gari. Kasi imepanda kwa theluthi moja, lakini mahitaji yamekaribia kuwa mara mbili, kwa sababu huongezeka kwa mraba wa kasi. Tairi zuri la kawaida kwenye lami kavu hutoa asilimia 80 hadi 90 hivi, na kwenye lami iliyolowa hushuka kuelekea 50 au 60. Katika mfano wetu, kilomita 60 chini ya mvua tayari ni ukingoni, liwe gari la magurudumu mawili ya kusukuma au manne.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo watu wengi hawaioni. Gari la kusukumwa na magurudumu ya mbele humwonya dereva wake: akitoka kwenye makutano barabara ikiwa imelowa, tairi huzunguka bure na kulia, naye anajua kwamba leo kuna utelezi. Gari la fowili halimpi onyo hilo. Huondoka kimya, hushika mwendo kwa wepesi, na dereva huamini kwamba barabara ni nzuri mpaka anapofika kwenye breki au kwenye kona. Na breki, ikumbukwe, haina fowili: kila gari, hata lile dogo kuliko yote, husimamishwa kwa magurudumu yake manne.

Gwaride na sufuria ya uji

Sasa tuingie ndani ya mitambo, kwa sababu difu ndiyo inayolaumiwa kuliko kifaa kingine chochote. Watazame askari wa gwaride wanapogeuka kwa safu. Askari wa ndani karibu anakanyaga palepale alipo, na wa nje ananyoosha hatua ndefu, ili safu ibaki imenyooka. Magurudumu ya gari hufanya vivyo hivyo: la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, na yale ya mbele husafiri njia ndefu kidogo kuliko ya nyuma. Difu ndiyo inayoyaruhusu yapishane kasi huku yote yakisukumwa. Gari la fowili ya kudumu kwa kawaida lina difu 3, yaani ya mbele, ya nyuma, na ya kati au kifaa kinachosimama mahali pake.

Udhaifu wa difu ya kawaida, isiyo na kizuizi, ni kwamba hupeleka nguvu kiasi kile tu ambacho gurudumu dhaifu linaweza kuhimili. Gurudumu la ndani linapopungukiwa na uzito kwenye kona, huanza kuzunguka bure, na mwenzake wa nje, ambaye ana uzito na mshiko wa kutosha, hapati zaidi ya hicho kidogo. Kwa hiyo unapoona moshi au changarawe ikiruka kutoka gurudumu la mbele la ndani wakati wa kutoka kwenye kona, huenda hakuna kilichoharibika. Ndivyo difu ya wazi inavyofanya kazi.

Ili gari lisikwame kwa sababu ya gurudumu moja, Subaru nyingi za gia za mkono ziliwekewa difu ya kati inayogawa nguvu nusu kwa nusu, pamoja na kifaa kilichojaa sahani nyembamba ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Ukitaka kukielewa, koroga uji mzito. Mwiko ukienda polepole, uji unaupisha. Ukiuharakisha, uji unakinza na sufuria yote inataka kuzunguka. Tofauti ndogo ya kasi kati ya mbele na nyuma, kama ile ya kona, hupita bila kelele. Tofauti kubwa, kama gurudumu linapozunguka bure, huyafanya mafuta yakinze na kuzivuta pande mbili pamoja.

Kifaa hiki hufa kwa namna mbili zilizo kinyume, na fundi anayesema tu kwamba difu imekufa bila kueleza imekufaje bado hajakupa jibu. Kinaweza kulegea, mafuta yakapoteza uzito wake na pande mbili zikaachana. Hapo gurudumu moja la mbele likizunguka bure kwenye tope, gari zima hubaki limesimama. Au kinaweza kuganda, na mbele na nyuma zikafungwa pamoja kama pikapu iliyoingizwa gia ndogo kwenye lami. Kikiganda, gari hukataa kona za polepole, husukuma pua nje hata mguu ukiwa mbali na mafuta, na kwenye maegesho hukokota kana kwamba breki ya mkono haijashuka sawasawa.

Katika magari ya gia otomatiki mambo ni tofauti. Nyingi hazina uji huo bali zina klachi ya sahani inayobanwa kwa shinikizo la mafuta kwa amri ya kompyuta, na katika hali ya kawaida hupeleka sehemu kubwa ya nguvu mbele. Subaru nyingi za zamani za aina hii zina kishikilia fyuzi katika chumba cha injini chenye maandishi FWD. Ukichomeka fyuzi hapo, klachi huachia na gari hubaki la kusukumwa na mbele peke yake. Kilikusudiwa kwa ajili ya vipimo vya fundi na kwa safari fupi kwa tairi dogo la akiba, lakini wako wanaochomeka fyuzi hiyo na kuiacha kwa matumaini ya kuokoa mafuta. Kabla hujaambiwa ununue giaboksi nyingine, fungua boneti na utazame kama mwenye gari wa kwanza hakuiacha humo.

Kuingia, katikati, kutoka

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa kuwa uchunguzi wote unategemea hatua hizi tatu za kona.

Wakati wa kuingia, mguu uko kwenye breki au umetoka tu kwenye mafuta. Injini haisukumi, kwa hiyo mfumo wa fowili ukiwa mzima hauna neno la kusema hapa, na isipokuwa kifaa cha kati kiwe kimeganda kama tulivyoeleza, anayeilaumu difu kwa gari lililoteleza likiwa bado linafunga breki anatafuta mahali pasipo. Pua ikienda nje wakati huu, chunguza matairi ya mbele, shokapu za mbele (wengine huziita shokomzoba), na uwe mkweli kuhusu kasi uliyoingia nayo na breki uliyoendelea kuikanyaga huku usukani umekatwa. Mkia ukitoka wakati wa kuingia, chunguza matairi ya nyuma, bushi za mikono ya nyuma, breki ya nyuma inayoshika upande mmoja, na mwelekeo wa magurudumu ya nyuma. Kuachia mafuta ghafla nako huuhamishia uzito mbele, na nyuma huwa nyepesi wakati ule ambao ingehitaji uzito.

Katikati ya kona mguu umetulia. Hakuna breki, na mafuta ni ya kulinda mwendo tu. Linaloonekana hapa ni tabia ya springi, stabilaiza (fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana), urefu wa gari na jinsi matairi yalivyosimama juu ya barabara. Kuna dalili moja ya hatua hii ambayo watu huipuuza: gari linalokwenda vizuri katika kona laini lakini likaruka kuelekea nje linapokutana na tuta dogo au kiraka cha lami. Dalili hiyo karibu kila mara inasema kwamba springi imekwisha njia yake na shokapu imegonga mpira wa mwisho, ule unaoizuia isibonyee kupita kiasi. Nitairudia, kwa sababu katika magari yaliyoshushwa ndiyo iliyo ya kawaida zaidi.

Wakati wa kutoka, mguu unakanyaga mafuta, na sasa ndipo mfumo wa fowili unapopata sauti. Gurudumu moja la ndani likizunguka bure, ni difu ya ekseli hiyo. Magurudumu yote mawili ya mbele yakizunguka huku ya nyuma yakiwa kama yamelala, shuku kifaa cha kati kilicholegea au klachi isiyobana. Yote manne yakiteleza pamoja, mfumo wako ni mzima na matairi yamefika mwisho wao. Turbo kubwa, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuiongezea nguvu, huleta utata wake katika hatua hii: dereva hukanyaga mafuta katikati ya kona na hapati kitu, hukanyaga zaidi, kisha nguvu yote huja kwa mkupuo mmoja gari likiwa bado limelala upande, na ndoo ambayo ilikuwa karibu tupu hukauka. Gari la namna hiyo huonekana kana kwamba lina ugonjwa wa mshiko, kumbe nguvu inafika kwa wakati mbaya.

Mabadiliko yanayopunguza mshiko huku yakionekana kuuongeza

Imani kwamba springi ngumu na gari lililoshushwa hadi karibu na ardhi ndiyo siri ya kona imeenea sana, na ina chembe ya ukweli. Kushusha gari hushusha kitovu cha uzito, na hilo hupunguza uzito unaohamia kwenye magurudumu ya nje. Gari la kilo 1,400, lenye kitovu cha uzito sentimita 55 kutoka ardhini na upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu, likikata kona kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, huhamisha takriban kilo 257 kutoka ndani kwenda nje. Ukiliinua kwa sentimita 5 kwa spesa (vipande vya kuinulia gari juu ya springi), kama wengi wanavyofanya kwa ajili ya barabara za vumbi, uzito huo hufika kilo 280. Na tairi likibebeshwa uzito mara mbili halitoi mshiko mara mbili. Hutoa pungufu, ndiyo maana kuhama kwa uzito ni hasara kwa jumla.

Lakini kushusha kuna mpaka. Tazama chini ya gari, upande wa mbele, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Mkono wa chini unaounganisha gurudumu na mwili wa gari unatakiwa ulale sawa au ushuke kidogo kuelekea gurudumu. Ukiona upande wa gurudumu uko juu kuliko upande wa mwili, gari limeshushwa kupita kiasi: kila linapolala kwenye kona, tairi la nje hulazwa juu ya bega lake badala ya kukanyaga kwa uso wote, na mwili hulala zaidi kuliko unavyotarajia kutoka gari fupi kiasi hicho.

Kukata springi kwa grainda ni kubaya zaidi. Springi iliyokatwa huwa fupi na pia ngumu, kwa sababu mizunguko inayofanya kazi imepungua, huku shokapu ikibaki ileile iliyokusudiwa springi ndefu na laini. Njia ya kwenda juu iliyokuwa ya sentimita kadhaa hubaki kidogo, na mpira wa mwisho ukiguswa katikati ya kona, upande huo wa gari hugeuka mgumu kama mkokoteni. Kanuni ya jumla ni kwamba upande mgumu, wa mbele au wa nyuma, ndio unaopoteza mshiko kwanza. Ndiyo maana wenye Impreza wanaosumbuliwa na pua kwenda nje huweka stabilaiza nene nyuma wakaacha ya mbele kama ilivyo, na mara nyingi hufaulu. Ikizidi, gurudumu la nyuma la ndani hunyanyuka kwenye barabara ya mashimo, difu ya nyuma ya wazi hupoteza nguvu kupitia hilo, na shida mpya huzaliwa.

Watu huyataja magari ya mashindano kama ushahidi. Ni kweli Audi Quattro ya mwaka 1980 iliubadilisha mchezo wa mbio za magari za njia za vumbi, na ni kweli Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, naye Richard Burns akaishinda mwaka 2000 akiwa na Impreza vilevile. Hata hivyo magari yale ya Safari yalisimama juu, yakiwa na shokapu zenye njia ndefu ya kupanda na kushuka ili tairi lisiache ardhi. Anayekata springi kwa kuwaiga mashujaa hao anafanya kinyume cha walichofanya.

Kuhusu upana, tairi pana husaidia kwenye lami kavu likikaa kwenye rimu ya upana wake, lakini kwenye maji huelea mapema na kwenye kokoto halichimbi. Na upepo mwingi haufanyi tairi kuwa na nguvu: hulivimbisha katikati na kupunguza eneo linalogusa barabara. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko katika fremu ya mlango wa dereva, nacho husomwa tairi likiwa baridi.

Uchunguzi wa uani, bila mashine

Hakuna kati ya vipimo hivi kinachohitaji mwendo kasi, na hakuna anayepaswa kuvifanya kwenye barabara ya umma. Anza na matairi, kwa kuwa ndiyo yanayobeba kila kitu.

Soma tarehe ya kila tairi. Ubavuni, mwishoni mwa mfuatano unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata (michoro ya mpira inayokanyaga barabara) nzuri za kupendeza na mpira uliokauka kama ubao. Kisha tafuta neno STUDLESS au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. Hayo ni matairi ya baridi kali, na mengi huletwa pamoja na magari yaliyotumika Japani. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye barafu. Kwenye lami ya jua la Dodoma au Mombasa huyumba, huisha haraka, na humpa dereva hisia kwamba gari linaelea. Nimeona watu wakibadilisha stabilaiza na bushi zote kuponya ugonjwa uliokuwa umeandikwa waziwazi ubavuni mwa tairi.

Halafu pima mzunguko. Zungusha futi kamba ya fundi cherehani kuzunguka tairi zima, katikati ya kashata, upepo ukiwa sawa, na uandike vipimo vinne. Katika magari ya fowili ya kudumu, tofauti isizidi takriban milimita 6, ambayo ni sawa na tofauti ya milimita 1 tu ya kina cha kashata. Kuweka matairi mawili mapya na kuacha mawili ya zamani, jambo ambalo kwenye gari la kawaida halina madhara makubwa, hapa huufanya ule uji ukorogwe kila kilomita ya safari hadi uungue.

Baada ya hapo, tafuta uwanja mkavu wenye sakafu ngumu, kata usukani hadi mwisho, ingiza gia ya kwanza na uliache gari lizunguke polepole, kulia kisha kushoto, kisha kinyumenyume. Likienda kwa mruko na matairi yakilia, au ukikanyaga klachi likasimama lenyewe kana kwamba limefungwa breki, mbele na nyuma zimegandana. Ukisikia mlio wa kugonga unaofuatana na mzunguko wa gurudumu, hiyo ni joinki ya ekseli, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu. Inahitaji kutengenezwa, lakini si chanzo cha kupoteza mshiko.

Mwisho, vifaa viwili vya bei ndogo. Chora mistari ya chaki kwenye bega la kila tairi la mbele, endesha njia yako ya kila siku, kisha tazama chaki imefutika hadi wapi. Ikiwa imefutika hadi ubavuni upande wa nje, tairi linalala: upepo ni mdogo au alainimenti (mpangilio wa mwelekeo wa magurudumu) imeharibika. Na pale ambapo fimbo ya shokapu inaonekana ukiinua mpira wa vumbi, funga juu yake kamba nyembamba ya plastiki. Shokapu ikibonyea, kamba hiyo husukumwa juu, nayo hubaki mahali ilipofika. Ukirudi nyumbani utasoma safari ndefu kuliko zote ambayo shokapu ilifanya.

Kamba hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi juu ya Impreza ya mdogo wangu, ya gia za mkono, iliyoongezewa turbo na kushushwa. Gereji aliyokwenda ilimwambia difu ya kati imekufa na akaanza kukusanya fedha za kununua nyingine. Nilipomuuliza pua ilikuwa inakwenda nje lini, alisema ni katikati ya kona, mguu ukiwa umetulia, hasa palipo na viraka. Hiyo haikuwa lugha ya difu. Uwanjani gari lilizunguka kwa ulaini pande zote mbili. Mizunguko ya matairi ilitofautiana kwa milimita 4. Tuliinua mipira ya vumbi, tukafunga kamba, tukaenda sokoni na kurudi kwa mwendo wa kawaida kabisa, na kamba zote mbili za mbele tulizikuta zimebanwa juu kwenye mpira wa mwisho. Springi zilikuwa zimekatwa mzunguko mmoja na nusu kabla hajalinunua.

Tulirudisha springi nzima na kupeleka gari kwenye alainimenti, bila kugusa kitu kingine wiki hiyo, kwa sababu ukibadilisha vitu viwili kwa siku moja hutajua ni kipi kilichotibu. Kuruka kwenye viraka kuliisha. Gurudumu la mbele la ndani bado huzunguka bure kidogo anapokanyaga mafuta mapema wakati wa kutoka kwenye kona, naye sasa anajua kwamba hiyo ni difu yake ya mbele ya wazi, na kwamba tiba ni kusubiri usukani unyooke kidogo kabla ya kukanyaga.